Kisanduku cha Kumwitia Bata Mzinga

Kisanduku cha kwanza nilichokitengeneza hakikutoa sauti yoyote ya ndege. Kilitoa mkwaruzo mfupi na mzito, kama wa mlango wa stoo unaoburuzwa juu ya saruji, na jirani yangu, mzee wa miaka zaidi ya 70 ambaye ndiye aliyenitia katika shughuli hii, alikisikiliza mara tatu, akakigeuzageuza mkononi, kisha akanirudishia bila kusema neno. Nilikuwa nimekipiga msasa hadi kikateleza, nimekipaka vanishi mikono mitatu, na kwa macho kilikuwa kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kukitengeneza. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba karibu kila jambo nililolifanya ili kipendeze ndilo lililokinyima sauti.

Ninaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, na nililelewa Lindi, nyumbani kwa mjomba aliyekuwa seremala wa milango na vitanda. Ningependa kusema kwamba nilirithi ufundi wake, lakini ukweli ni kwamba kazi yangu katika karakana ile ilikuwa kufagia maranda na kutumwa dukani kununua misumari, kwa hiyo nilipoinunua randa yangu ya kwanza wakati wa baridi iliyopita nilikuwa mwanagenzi kamili mwenye umri wa miaka 41. Karakana yangu mimi ni nusu ya gereji. Nusu ya pili ni ya gari, na theluji ikianguka gari huichukua na ile nusu yangu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na kifaa hiki, inafaa nieleze kazi yake. Bata mzinga wa porini, ambaye wanasayansi humwita Meleagris gallopavo, ni ndege wa asili wa Amerika Kaskazini, na bata mzinga wote wanaofugwa mabandani wametokana naye. Baridi inapokwisha na miti kuanza kuchipua, madume hubwabwaja alfajiri wakiwa bado juu ya miti walikolala, na majike wanaotaka kupandwa huwafuata. Mwindaji hukaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye shina, amevaa nguo za rangi ya majani mpaka usoni, kisha hutoa mlio wa jike akitumaini kwamba dume atavunja desturi yake na kuja mwenyewe. Ugumu uko hapo hapo, kwa sababu dume amezoea kufuatwa, na mlio utakaomtoa alipo lazima uwe wa kushawishi kweli. Sheria za hapa haziruhusu kumwita kwa sauti zilizorekodiwa wala kwa vifaa vya umeme, hivyo mlio hauna budi kutoka kinywani, katika mfupa, katika jiwe au katika mbao.

Nilipomsimulia mama haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyo bata si anauzwa dukani, tena keshanyonyolewa?" Nikamjibu kwamba ndiyo, anauzwa. "Basi wa nini kumwita?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nyama yake si kitu kwangu, na mpaka naandika haya sijawahi kumlenga ndege huyu kwa bunduki. Kilichonivuta ni ile siku jirani alipokaa kwenye ngazi za baraza yake, akatoa mfukoni kijiboksi cha mbao kilichochakaa, akasukuma kifuniko kwa vidole viwili, na ndege aliye hai akasikika kutoka mle ndani.

Jina letu kwa ndege huyu lina visa vyake. Kwanza huyu si bata, maana ukoo wake ni wa kuku, kanga na kwale. Halafu kuna huo mzinga, ambao kwetu waweza kuwa wa nyuki au wa vita. Hapa Marekani mzinga wa vita ndio uliomwokoa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, ukataji wa misitu na uwindaji usio na mipaka ulikuwa umemfuta katika majimbo mengi, na majaribio ya kuwalea vifaranga mabandani na kuwaachilia msituni yalishindwa, kwa kuwa ndege aliyekulia bandani hakujua kujificha wala kumkimbia mbweha. Kilichofaulu ni kuwakamata ndege wa porini wenyewe na kuwahamishia misitu mingine, na mtego uliotumika, ambao huko South Carolina ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, ulikuwa wavu uliofungwa kwenye mizinga midogo: mahindi yalimwagwa uwanjani, ndege wakainama kula, mizinga ikalipuliwa, wavu ukaruka na kuwafunika wote. Kati ya mwaka 1978 na 1997 Kentucky iliwahamisha ndege 6,760 na kuwasambaza jimboni kote, na baadhi yao walitoka jimbo la Missouri, ambalo lenyewe lililipwa kwa fisi maji. Nilipomtafsiria jirani jina letu na kumweleza maana ya mzinga, alicheka mpaka akavua miwani, na tangu hapo haamini kwamba Waswahili hawakujua mapema.

Kifaa chenyewe kina ukoo mrefu. Wenyeji wa asili wa bara hili walitengeneza vijifilimbi vya kunyonya hewa kutokana na mifupa ya bawa la bata mzinga, na wapo wanaovitengeneza hivyo hivyo hadi leo. Kisanduku chenye kifuniko cha kusugua ni kipya zaidi: Henry C. Gibson wa Dardanelle, jimboni Arkansas, alipewa hataza yake mwaka 1897, na umbo la wakati ule halitofautiani sana na lililopo mezani kwangu sasa. Baadaye mafundi kama Neil Cost wa South Carolina walikipandisha hadhi kiasi kwamba visanduku vyake hununuliwa kwa maelfu ya dola na wakusanyaji wa vitu adimu, watu ambao, nadhani, hawana nia yoyote ya kuviingiza msituni vikaguse matope.

Ukitaka kuelewa kinavyolia, fikiria zeze. Upinde wa zeze haugongi uzi. Huushika na kuuachia, huushika na kuuachia, mamia ya mara katika sekunde moja, na ulimbo ndio unaoupa upinde uwezo wa kushika. Kisanduku ni zeze lisilo na uzi. Ubao mwembamba wa ubavuni ndio uzi, kifuniko ndicho upinde, na chaki imeshika nafasi ya ulimbo. Kifuniko kinaposukumwa juu ya ukingo wa ubavu, ubavu huvutwa pembeni kidogo, hujirudi, huvutwa tena, na mtikisiko huo huitikisa hewa iliyo ndani. Nilipolipata wazo hili, nililolipata nikiwa natazama video ya Mgogo mmoja akipiga zeze na si katika maelezo yoyote ya waseremala, makosa yangu yote yalijipanga mbele yangu kama watuhumiwa.

Ila zeze halina jambo moja ambalo kisanduku lazima kiwe nalo. Mlio wa jike una sehemu mbili ndani ya pumzi moja: huanza juu, mwembamba na safi kama filimbi, kisha huvunjika na kushuka katika sauti nzito yenye mikwaruzo. Kuvunjika huko ndiko mafundi wanakokutafuta usiku na mchana, na hakutokani na mkono wa mpigaji peke yake, bali na umbo. Kingo za juu za mbavu, ambazo mafundi huziita midomo, hazikukatwa tambarare. Zimeinuka katikati kwa milimita mbili hivi kuliko kwenye ncha, na uso wa chini wa kifuniko nao umetunishwa kidogo kama gamba la kobe. Kwa hiyo kifuniko hakigusi mdomo wote kwa pamoja. Hugusa mahali padogo, na kadiri kinavyozunguka kwenye skrubu yake, mahali hapo husafiri kando ya ubavu, kutoka sehemu iliyobanwa hadi sehemu iliyo huru, na sauti husafiri pamoja napo. Jambo hili unaweza kulisoma mara kumi na usilielewe. Mimi nililielewa nilipopaka mdomo mmoja risasi ya penseli, nikasukuma kifuniko polepole, kisha nikatazama alama ilikotokea.

Sasa nirudi kwenye kile bubu cha kwanza. Mbao zake zilitokana na paleti ya msonobari niliyopewa kazini, na mbavu nilizikata kwa unene wa milimita 6, kwa sababu nilikuwa na picha ya mjomba kichwani, na mjomba hakuwahi kutengeneza kitu ambacho watu wawili wanene wasingeweza kukikalia. Ubao wa milimita 6 hautikisiki kwa msuguano wa vidole viwili. Gundi niliimwaga mpaka ikafurika kwenye kona za ndani na kukauka kama nta ya mshumaa, ikawa inaukaba ubao kuanzia chini. Midomo niliisugua kwa msasa laini hadi ikawa kama kioo, ilhali chaki inahitaji vitundu vya mbao ili ishike, kisha nikaipaka vanishi pamoja na sehemu nyingine zote, ndani na nje. Chaki niliyotumia ilikuwa ya ubaoni, ile iliyochanganywa na kitu cha kuifanya isitimue vumbi, na kitu hicho kina mafuta. Mtu angeniambia nitengeneze kisanduku kisichoweza kulia, nisingekipanga vizuri zaidi.

Cha pili nilikitengeneza kwa mbao ya mcheri, mbavu milimita 3, bila vanishi. Hicho kililia, tena sana. Kilipiga ukelele mmoja mkali usiovunjika, ambao mbwa wa nyumba ya tatu aliujibu, na mke wangu akafungua mlango wa gereji kuuliza kama nimejikata. Mbavu zilikuwa sawa. Midomo ndiyo iliyokuwa tambarare. Nilidhani ule mwinuko wa milimita mbili ni pambo. Nilijaribu kuuchonga baada ya kisanduku kuunganishwa, kwa tupa, upande mmoja ukapungua kuliko mwingine, nikausawazisha, upande wa pili nao ukapungua, na mwisho kisanduku kikawa kifupi kama sahani ya sabuni. Nilikiweka bafuni, na hadi leo ndiyo kazi yake.

Cha tatu nilikianza upya, na hapa nitaeleza hatua kwa kirefu kidogo kwa ajili ya yeyote atakayejaribu. Kisanduku kina vipande vitano na kifuniko: kitako, vipande viwili vinene vya kuziba ncha, na mbavu mbili. Mafundi wakubwa hukichimba chote kutoka katika gogo moja, lakini kwa mwanagenzi kuunganisha vipande ni salama zaidi, kwani ukiharibu ubavu unatupa ubavu, hutupi kisanduku. Changu kina urefu wa sentimita 21 na upana wa sentimita 5. Mbavu ni za popla, mti wa kawaida na wa bei nafuu hapa, mlaini kiasi, wenye nyuzi zilizonyooka. Kifuniko ni cha mjozi, ambao ni mgumu zaidi. Karibu kila fundi niliyemsikiliza huufuata mpangilio huo, wa kifuniko kigumu juu ya mbavu laini. Nyuzi za ubavu sharti ziende na urefu wa kisanduku bila kupindapinda na bila fundo hata moja, maana penye fundo sauti hukatika. Mwinuko wa midomo niliuchora kwa kupinda rula nyembamba ya chuma kati ya misumari mitatu, nikazibana mbavu zote mbili pamoja kwenye jiriwa, nikazichonga kwa wakati mmoja ili zilingane, na hiyo peke yake ilinipunguzia nusu ya matatizo ya kile cha pili.

Wakati wa kuunganisha, vibanio vyangu vilikuwa vizito mno na vilizipinda mbavu. Hapo ndipo Lindi iliponisaidia. Mjomba hakuwa na vibanio vya kununua. Alikuwa na mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli, iliyokatwa kuwa kamba ndefu, na alizungushia viti vyake hivyo kama bandeji hadi gundi ikauke. Nikaenda kwa fundi baiskeli wa mtaani, nikapewa mpira uliotoboka bure, nikakifunga kisanduku. Mkazo ulienea sawasawa, hakuna alama iliyobaki, na gundi, ambayo safari hii niliipaka kwa kijiti cha meno, haikumwagika ndani.

Kisha ikaja kazi ambayo kwangu ndiyo kiini cha ufundi huu, nayo ni kupunguza. Mbavu niliziunganisha zikiwa na unene wa milimita tatu na nusu, nikaanza kuzikwangua kutoka nje kwa kipande cha chuma chembamba chenye makali yaliyogeuzwa, ambacho hutoa maranda membamba kama maganda ya kitunguu. Sikutumia msasa karibu na midomo, kwa sababu vumbi lake huziba vitundu. Kila baada ya mikwanguo kumi nilikigonga kisanduku kwa fundo la kidole na kusikiliza, nikakifunga kifuniko, nikajaribu, nikakifungua tena. Mwanzoni ukigonga unasikia mbao tu. Unene ukipungua, sauti ya kugonga huanza kuwa na mwangwi kidogo, inashuka, na kuna mahali ambapo ubavu unaanza kuzungumza. Ubavu wa kulia niliuacha kwenye milimita mbili na nusu, na ukatoa mlio wa jike mzima wenye kuvunjika pale panapotakiwa; nilisimama gerejini saa nne za usiku nikiurudia kama mtoto aliyepata honi. Ubavu wa kushoto, kwa tamaa, niliusukuma mbele zaidi. Ulizidi kuwa mzuri, ukazidi, halafu kwa mikwanguo mitano tu ukapoteza nguvu na kuwa kama redio ambayo betri zake zinakwisha. Mbao hairudishwi. Jirani alinifariji kwamba mbavu mbili za kisanduku hazipaswi kufanana hata hivyo, ili mwindaji aweze kuiga majike wawili tofauti, na kwamba wa kushoto ni bibi kizee. Nilikubali maelezo hayo kwa sababu yalikuwa na manufaa kwangu.

Marekebisho ya mwisho yako kwenye skrubu. Kifuniko kimeshikwa upande mmoja kwa skrubu moja yenye springi ndogo chini ya kichwa chake, na robo ya mzunguko inatosha kubadilisha kila kitu: ukikaza mno mlio unakabwa, ukilegeza mno kifuniko kinacheza na kutetemeka. Nilipoipata sehemu yake nilichora mstari wa penseli kwenye mbao, sambamba na mfuo wa skrubu, ili ikisogea nijue pa kuirudisha. Mafuta niliyapaka nje tu, kidogo, kwa kitambaa. Midomo na uso wa chini wa kifuniko havikuguswa na kitu chochote isipokuwa chaki halisi isiyo na mafuta, na sehemu hizo sizigusi kwa vidole, kwa kuwa jasho la kidole nalo ni mafuta. Watoto wangu wanaijua sheria hiyo kuliko sheria zote za nyumba hii.

Kuna siku jirani alinionyesha aina nyingine ya kifaa, ambayo ni kikombe kifupi cha mbao kilichofunikwa kwa jiwe la sleti, kama zile tulizoandikia shule zamani, na hupigwa kwa kukwaruza jiwe kwa kijiti. Alikuwa na vijiti saba, kila kimoja cha mti wake, kwani sauti hubadilika kwa kubadilisha mti tu. Kimoja kilikuwa cheusi, kizito, kikiwa na mshipa wa rangi ya zambarau iliyokolea, na alinieleza kwa fahari kwamba ni mti adimu kutoka Afrika alioununua kwa bei ambayo hakuwahi kumtajia mkewe. Nilikishika nikakijua kabla sijakitazama vizuri. Kilikuwa mpingo, Dalbergia melanoxylon, mti ambao Lindi na Kilwa wanaujua kwa jina na kwa kivuli, mzito hata ukiutupa majini unazama, mti wa vinyago vya Wamakonde na wa zumari za Ulaya. Nilimweleza kwamba katika wilaya ya Kilwa vipo vijiji vinavyousimamia msitu wao wenyewe, ambao mwaka 2009 ulipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na kwamba tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mbao za jamii yake inafuatiliwa kwa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Alisikiliza kwa makini, kisha akanikabidhi kile kijiti akasema nikijaribu mimi kwanza, kwa kuwa ni cha kwetu. Kilitoa sauti kavu, kali, iliyokatika safi.

Nilishawishika, bila shaka, kutengeneza kisanduku kizima cha mpingo, na ninafurahi kwamba bei ilinizuia. Mbao nzito namna ile hufaa katika kijiti au katika bomba la kupuliza. Ubavu wa kisanduku unatakiwa uwe mwepesi wa kushtuka, na popla ya bei ya chini inaushinda mpingo hapo bila mashindano. Inauma kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kujifunza kukipiga kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kosa la kawaida ni kukiinua kifuniko kati ya mlio na mlio, jambo linaloleta kelele ya kugonga ambayo hakuna ndege anayeitoa; kifuniko hakitakiwi kuachana na mdomo, na nguvu inayotumika ni uzito wake chenyewe na kidogo tu juu yake. Mlio wa jike huja kwa mfululizo, mitano, sita, saba, wenye mwendo wa kutembea. Kutetea, ambako ni mlio mmoja mfupi wa jike aliyetulia, hupatikana kwa kukipiga kifuniko pembeni kidogo kwa kidole. Kukoroma, yaani mlio wa chini wenye mtetemo, ndiko kugumu zaidi, kwa sababu kifuniko kinaburuzwa polepole mno, na mkono wa mwanagenzi hutetemeka wenyewe kabla kisanduku hakijatetemeka.

Msimu wa Kentucky hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na Aprili 15 na huendelea kwa siku 23, na ndege anayeruhusiwa ni dume, au yeyote mwenye ndevu zinazoonekana, maana ndege hawa huota ndevu kifuani. Jirani alinichukua Jumamosi ya pili, kwenda katika shamba la shemeji yake lililo mwendo wa saa moja kusini mwa jiji. Yeye alibeba bunduki, mimi nilibeba kisanduku. Kabla hatujatoka alinikagua nguo kuhakikisha sijavaa chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine akiona kitu cha rangi hizo kikisogea vichakani anaweza kufyatua kabla ya kufikiri.

Tulikaa chini ya mwaloni kabla ya mapambazuko, na saa kumi na mbili na nusu dume wa kwanza alibwabwaja kwenye kilima cha upande wa pili. Jirani aliniinamishia kichwa. Nilisukuma ubavu wa kulia mara tano. Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha kunifanya nifikirie vanishi, na milimita, na mjomba, kisha dume akajibu akiukatiza mlio wangu wa sita, na aliporudia alikuwa karibu zaidi. Kwa dakika 20 alikuja akisimama, akija na kusimama, hadi tukamwona akijitanua mkia kama hatua 60 kutoka tulipokaa, ambako ni mbali mno kwa bunduki ya marisau. Jirani alinong'ona nitetee mara moja tu, taratibu. Lakini tangu tulipoketi ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, na mimi kisanduku nilikuwa nimekiweka wazi juu ya goti muda wote huo. Chaki ilikuwa imelowa. Nilipokipiga kifuniko kwa kidole kilitoa ule mkwaruzo wa mlango wa stoo, ule ule wa kwanza, na dume akaufunga mkia, akainua shingo, akageuka na kushuka mtoni akitembea bila haraka yoyote.

Jirani hakusema kitu. Alitia mkono mfukoni, akatoa mfuko wa plastiki wa mkate, mtupu, akanikabidhi. Ndimo ninamokiweka kisanduku sasa, nikiwa nimekifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kifuniko kisicheze, na juzi nimeanza ubavu mpya wa kushoto.